Aliyetufunza Kusafisha Picha

Jumamosi iliyopita nilijifungia bafuni, nikaziba upenyo wa mlango kwa blanketi, nikazima taa na kuitia filamu katika mkebe wake gizani. Mkebe ukishafunikwa, taa huwashwa na kazi iliyosalia hufanyika mwangani. Dawa ya kwanza huidhihirisha picha. Maji yenye asidi kidogo huikomesha dawa hiyo. Kisha dawa ya pili huidumisha picha isiharibiwe na mwanga. Mwisho ni maji, tena maji mengi. Kazi hii nzima Waswahili huiita kusafisha picha. Kwa muda mrefu nilidhani kwamba kitenzi hicho kilitumiwa kwa kukosa kilicho bora. Nilibadili msimamo nilipoyasoma maisha ya Mwingereza John Herschel.

Herschel alizaliwa Machi 7, 1792 katika mji wa Slough. Babake, William, ndiye aliyeigundua sayari ya Uranus mwaka wa 1781, naye shangaziye, Caroline, alisifika kwa kuzivumbua nyota zenye mkia. Kijana huyo aliongoza wenzake wote katika mtihani wa hisabati wa Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka wa 1813. Mnamo 1819 aligundua jambo lililoonekana dogo: kuna chumvi fulani ambayo maji yake huziyeyusha chumvi za fedha kama sukari iyeyukavyo chaini. Aliyachapisha matokeo yake, akaendelea na shughuli nyingine. Kwa miaka 20 ugunduzi huo ulikaa tu, mfano wa ufunguo usio na kufuli.

Kati ya 1834 na 1838 aliishi huku kwetu Afrika, katika Rasi ya Tumaini Jema, akizihesabu na kuzichora nyota za anga ya kusini kwa darubini yake kubwa. Charles Darwin alimzuru huko mwaka wa 1836. Usiku alitazama nyota. Mchana alichora maua ya porini kwa msaada wa kipande cha kioo kilichomwonyesha taswira ya ua juu ya karatasi, naye mkewe, Margaret, akayatia rangi. Kumbe tangu hapo alikuwa akiufuata mwanga kwa mkono, mstari baada ya mstari.

Januari 1839 habari zilivuma kutoka Paris kwamba Louis Daguerre ameweza kuunasa mwanga. Huko Uingereza, William Henry Fox Talbot naye akajitokeza na picha zake za karatasi. Hata hivyo, tatizo lilibaki. Chumvi za fedha ambazo hazikuguswa na mwanga zilikuwa zingali ndani ya picha, na kila ilipotazamwa mchana ziliendelea kusawijika. Talbot alijaribu chumvi ya jikoni, ikachelewesha maradhi pasipo kuyaponya. Herschel aliikumbuka chumvi yake ya 1819. Kabla ya mwezi huo kwisha alikuwa na picha iliyodumu. Talbot alipomtembelea Februari 1, alimweleza siri yote bila kumficha chochote. Daguerre pia akaitumia dawa hiyo.

Herschel hakudai hataza wala malipo. Talbot, ambaye mwaka wa 1840 aligundua namna ya kuidhihirisha picha iliyojificha katika karatasi, aliisajili mbinu yake mwaka uliofuata, na aliyetaka kuitumia alipaswa kununua kibali. Simlaumu, alikuwa ametumia mali yake na miaka yake, na bila yeye filamu yangu isingekuwapo. Lakini ulimwengu ulisonga mbele haraka zaidi pale ambapo mlango haukufungwa.

Mimi ni mtu wa isimu, na siwezi kuyapita maneno. Herschel ndiye aliyelieneza neno la Kigiriki linalomaanisha kuandika kwa mwanga, ingawa Hercule Florence alikwisha kulitumia nchini Brazil miaka michache kabla pasipo kujulikana. Herschel pia ndiye aliyezipa picha majina ya hasi na chanya. Ile dawa yake iliitwa haipo, na ingawa wanakemia walilisahihisha jina hilo baadaye, mafundi hawakuliacha. Sikio la Mswahili husikia ajabu hapo: haipo ndiyo inayoifanya picha iwepo! Tena Waingereza hutumia kitenzi chenye maana ya kukuza, yaani sehemu ya Talbot. Sisi tukasema kusafisha, tukaienzi sehemu ya Herschel. Lugha yetu haikukosea.

Gharama ya kutosafisha vyema naijua. Marehemu mama alipigwa picha akiwa msichana, kabla sijazaliwa. Studio moja, ambayo sitaitaja, haikuiosha karatasi ikatakata. Dawa iliyosalia ikaila polepole hata uso wake ukageuka doa la kahawia. Nilidhani nimempoteza mara ya pili. Kisha katika mkebe wa biskuti ikapatikana negativu: uso mweusi kama mkaa ulikuwa mweupe, na nywele ziling'aa kama mvi alizokufa kabla ya kuzipata. Niliiweka katika skana yangu nyumbani, tarakilishi ikageuza hasi kuwa chanya, naye mama akanitazama.

Herschel alifariki Mei 11, 1871, akazikwa katika kanisa la Westminster Abbey, karibu na Newton. Waliomzika huko walimheshimu kwa nyota. Mimi namheshimu kwa maji ya kuoshea picha, na kwa kuwa hakuyauza.

Msomaji mpendwa, wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Negativu zilizo katika mikebe na masanduku ya wazee wetu ndizo daftari letu. Studio nyingi zilizozipiga zimekwisha kufungwa, na joto, unyevu na panya havingoji. Zitoe, zifute vumbi kwa brashi laini, ziskani, uandike majina ya waliomo wakati yupo bado anayewajua. Na ukishajifunza, mfunze jirani bila malipo. Ndivyo tulivyofunzwa sisi.