Maisha ya Rubani Beryl Markham na Namna ya Kuyafundisha

Walimu wengi wanapofundisha maisha ya mtu mashuhuri huanza na siku ya ushindi wake, kisha hayo mengine huyataja kwa haraka. Kwa rubani Beryl Markham njia hiyo ina hatari mbili. Huwafanya watoto wadhani kwamba ujasiri ni kitu cha kuzaliwa nacho. Tena huficha swali la nani aliyeruhusiwa kujifunza nini katika Afrika Mashariki ya wakati wa ukoloni. Makala haya yanamkusudia mwanachuo atakayekwenda mazoezi ya kufundisha katika shule za Kyela na mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, ambako zana za somo hili zinapatikana bila gharama.

Beryl Clutterbuck, ndilo jina lake la kwanza, alizaliwa Uingereza tarehe 26 Oktoba 1902. Alikuwa na umri wa karibu miaka minne alipoletwa katika nchi iitwayo Kenya siku hizi. Baba yake, Charles Clutterbuck, alikuwa mlowezi mwenye shamba huko Njoro. Mama hakuyavumilia maisha yale, akarejea Uingereza pamoja na mtoto wake wa kiume, Beryl akabaki. Shuleni hakukaa sana. Elimu yake kubwa aliipata kwa Wanandi na Wakipsigis waliokuwa shambani: kusema lugha yao na Kiswahili, kufuata nyayo za wanyama, kunyamaza na kutazama kabla ya kutenda. Mwenzake wa utotoni alikuwa Kibii, ambaye alipotoka jandoni aliitwa arap Ruta. Mwalimu asipite hapa upesi, maana walimu wa kwanza wa rubani huyu walikuwa Waafrika ambao serikali ya wakati ule haikuwahesabu kuwa walimu wa mtu yeyote.

Baba yake alipofilisika na kwenda Peru, Beryl hakumfuata. Akiwa na umri wa miaka kumi na minane hivi alianza kazi ya kufundisha farasi wa mashindano, akawa mwanamke wa kwanza nchini humo kupewa leseni ya kazi hiyo. Mwaka 1931 alijifunza urubani mjini Nairobi, mwalimu wake akiwa Tom Campbell Black. Mwaka 1932 aliruka peke yake kutoka Kenya hadi Uingereza. Mwaka huohuo ndege za Imperial Airways za kwenda Afrika ya Kusini zilianza kutua Mbeya, ng'ambo ya Mlima Rungwe, na jambo hilo litawasaidia watoto wa Kyela kuona kwamba habari hizi si za mbali mno. Mwaka 1933 alipata leseni ya kurusha ndege kwa malipo, wa kwanza miongoni mwa wanawake wa Kenya. Alichukua barua na abiria, tena aliwatafutia wawindaji tembo kutoka angani, kazi ambayo leo hatuwezi kuisifu.

Sasa tufike kwenye safari iliyompa jina. Jioni ya tarehe 4 Septemba 1936 aliondoka Abingdon, Uingereza, peke yake, katika ndege ya kuazima yenye injini moja, aina ya Percival Vega Gull, bila redio. Alikusudia kufika New York. Amelia Earhart, Mmarekani, alikuwa amekwisha kuivuka Atlantiki peke yake mwaka 1932, kwa muda wa saa 15 hivi. Lakini yeye alitoka magharibi kwenda mashariki, upepo ukimsukuma. Beryl alikwenda kinyume, katika upepo wa mbisho, yaani upepo unaomkabili msafiri usoni. Watoto wa wavuvi wa Matema wataeleza wenyewe tofauti ya kupiga kasia ukiwa na upepo mgongoni na kupiga kasia huku unakupiga usoni. Waachie waeleze. Kisha wapime kwa uzi, kwenye ramani, urefu wa Ziwa Nyasa. Njia ya Beryl juu ya maji na nchi kavu ilikuwa karibu mara saba ya urefu huo.

Baada ya saa zaidi ya 21 injini ilizimika, akaangukia kinamasi cha Cape Breton, Kanada. Aliumia kichwa, lakini alikuwa mwanamke wa kwanza kuivuka Atlantiki peke yake kutoka mashariki kwenda magharibi. Yeye mwenyewe alieleza kwamba petroli haikuwa imekwisha: barafu iliziba tundu la kuingizia hewa katika tangi. Leta darasani kopo lenye matundu mawili, ulijaze maji, uliinamishe, kisha uzibe tundu la juu kwa kidole. Maji yatakoma kutoka. Mtoto aliyekwisha kuona hivyo hatahitaji maelezo marefu.

Mwaka 1942 kilitoka kitabu cha maisha yake, West with the Night. Wako wanaodai kwamba mume wake wa tatu, Raoul Schumacher, ndiye aliyekiandika kwa sehemu kubwa; darasa la juu laweza kuelezwa ubishi huo. Baadaye alirudi Kenya kufundisha farasi, na farasi wake walishinda Derby ya Kenya mara kadhaa. Uzeeni alikuwa na fedha kidogo, mpaka kitabu kilipochapishwa upya mwaka 1983. Alifariki Nairobi tarehe 3 Agosti 1986.

Na arap Ruta? Alimhudumia Beryl kwa miaka mingi, kwanza kwenye farasi, halafu kwenye ndege. Nyayo alizijua, farasi aliwajua, na ndege aliizoea kwa mikono yake. Hakupata kuwa rubani. Somo hili lipewe vipindi viwili, na kipindi cha pili kianze na swali hili: kwa nini?