Segovia: Bingwa wa gita aliyejifundisha

Zamani huko Hispania gita lilihesabiwa kuwa chombo cha vilabuni. Andrés Segovia, aliyezaliwa Linares mwaka 1893, alilipenda tangu utotoni, ingawa jamaa waliomlea hawakutaka kabisa alipige.

Aliyemfungulia mlango alikuwa mpigaji wa flamenko, muziki wa watu wa kusini mwa nchi hiyo. Mafundi hao hawakutumia vitabu. Mwanafunzi alitazama vidole vya mwalimu, akasikiliza, akaiga. Lakini mpigaji huyo alikuwa mpita njia. Punde akaenda zake, na mtoto akabaki na machache aliyoyashika.

Mjini Granada, Segovia aliamua kujifundisha. Alisoma nota peke yake, akatafuta kazi za mabingwa waliomtangulia, kama vile Fernando Sor na Francisco Tárrega. Haikuwa kazi nyepesi. Kitabu huonyesha uzi wa kuguswa, lakini hakimwonyi mtu aliyeukalisha mkono vibaya. Ilimbidi ajisikilize na kujisahihisha mwenyewe.

Mwaka 1909, akiwa na umri wa miaka 16, alitumbuiza hadharani Granada. Mwaka 1924 alisikika Paris, na 1928 New York. Chombo kilichodharauliwa kikaingia katika kumbi za heshima.

Hata hivyo hakuwasahau wapigaji wa flamenko: mwaka 1922 alishiriki katika mashindano ya nyimbo zao huko Granada.

Alifariki Madrid Juni 2, 1987, akiwa na miaka 94. Kweli, penye nia pana njia. Lakini njia ya Segovia ilianzia kwa mpita njia asiye na kitabu.