Jesse James: Gengsta Aliyehepa Karao Miaka 16, Akamalizwa na Mabro Wawili Aliowapa Keja

Kama wewe ni mtu wa series za familia za magengsta, unajua karao si mtu wa kuogopwa sana. Mtu wa kuogopwa ni yule mnakula naye meza moja. Sasa leo wacha nikupe stori ya ukweli, imetokea Marekani kitambo, na hakuna mwandishi wa filamu angeweza kuipika vizuri hivi.

Jesse James alizaliwa Missouri mwaka wa 1847. Buda yake alikuwa mhubiri, akaenda California wakati watu walikuwa wanakimbilia dhahabu, akafia huko Jesse akiwa bado mtoto. Akabaki na mathe na bro yake mkubwa, Frank.

Usidanganywe ati hawa walikuwa wanaibia matajiri wakisaidia maskini. Familia yao ilimiliki watumwa weusi, na wakati wa vita vya Marekani, Frank na Jesse walipigania upande uliotaka utumwa uendelee. Huko msituni ndiko walijifunza kuua. Vita ikaisha 1865, lakini wao hawakuweka bunduki chini. Wakaingia kwa benki na treni.

Mbogi yao ilijengwa na damu. Jesse na Frank upande huu, na ndugu wa familia ya Younger upande ule, wakiwemo Cole, Jim na Bob. Ukiwa na bro yako kando, nani atakuuza?

1875 wapelelezi wa Pinkerton walivamia boma lao usiku, wakarusha kitu ya moto ndani ya nyumba. Ikalipuka. Jesse na Frank hawakuwa. Ndugu yao mdogo wa mama mmoja, Archie, mtoto wa miaka 8, akafa, na mathe akapoteza mkono.

Halafu ikakuja Septemba 7, 1876. Wasee wanane wakaingia Northfield, Minnesota, kuvunja benki. Wenyeji wakachukua bunduki zao, mtaa ukawaka. Watatu wa genge walikufa, mabro wote watatu wa Younger wakashikwa, wakafungwa maisha. Waliochomoka ni wawili pekee: Jesse na Frank.

Hapo ndipo mambo ilianza kuharibika. Jesse akaunda mbogi mpya, lakini hii haikuwa ya damu wala ya watu wa vita. Ilikuwa ya vijana wa doo. Gavana Thomas Crittenden naye akaweka zawadi: dola 5,000 kwa kila mmoja wa ndugu wa James. Ghafla kila mtu kwa genge akawa na bei ya mwenzake kichwani.

Jesse akaanza kushuku kila mtu. Frank naye alikuwa amechoka, akahamia mashariki kuanza maisha mapya. Sasa Jesse akabaki bila yule msee mmoja hangewahi kumuuza. Akajificha St. Joseph, Missouri, na bibi yake Zee na watoto wawili, akijiita Thomas Howard. Na wa kumlinda akachagua ndugu wengine: Charley Ford na Bob Ford.

Kile hakujua ni kwamba Bob alikuwa amehusika kumuua Wood Hite, binamu ya Jesse, na alikuwa ashaongea na gavana kichinichini. Kikulacho ki nguoni mwako.

Aprili 3, 1882. Wamemaliza kula asubuhi. Joto ni kali, Jesse anavua koti, halafu anavua mkanda wa bastola asionekane na wapita njia akiwa amejihami. Anapanda kiti kupanguza picha ukutani. Mgongo ameugeuzia kina Ford. Bob, kijana wa miaka 20, anampiga risasi ya kichwa kutoka nyuma. Bibi na watoto wako hapo hapo ndani ya nyumba. Jesse alikuwa na miaka 34.

Unadhani hao mabro walikula maisha? Walishtakiwa kwa mauaji, wakakubali, wakahukumiwa kunyongwa, na gavana akawasamehe siku hiyo hiyo. Zile doo walipata sehemu tu. Wakazunguka majukwaani wakiigiza vile walimuua Jesse, watu wakiwazomea. Charley alijitoa uhai 1884. Bob alipigwa risasi 1892 ndani ya baa yake huko Creede, Colorado.

Na Frank? Miezi michache baada ya mazishi ya bro yake alienda kwa gavana mwenyewe, akatoa bastola yake, akajisalimisha. Mahakama haikumpata na hatia. Alikufa 1915 akiwa mzee wa miaka 72, pale pale kwa shamba la familia.

Wasee, ile mbogi mpya iliuzana, lakini wale wawili wa tumbo moja hawakuwahi. Sasa fikiria mbogi yako. Nani hapo unaweza kumgeuzia mgongo?