Padri Aliyeshindwa Mtihani

Yohane Maria Vianney alizaliwa tarehe 8 Mei 1786 huko Dardilly, kijiji cha Ufaransa karibu na mji wa Lyon. Wazazi wake walikuwa wakulima. Siku zile watawala waliwafukuza mapadri, na Misa ilisomwa kwa siri. Yohane alipopokea Komunyo ya kwanza mwaka 1799, magari ya majani makavu yaliwekwa mbele ya madirisha ili taa zisionekane nje. Shuleni hakukaa sana. Jembe ndilo alilolijua.

Mwaka 1806, akiwa na miaka 20, alikwenda Écully kwa Padri Balley, kwa kuwa alitamani upadri. Hapo mateso yake yakaanza. Kilatini kilimshinda kabisa: neno alilolikariri usiku, asubuhi lilikuwa limepotea. Wenzake walikuwa watoto. Mmoja wao, Matthias Loras, mdogo wake kwa miaka 6, alikuwa akimsaidia. Siku moja uvumilivu ukamwishia, akampiga mbele ya wengine. Yohane alikuwa na mikono ya mkulima, angaliweza kulipiza. Akapiga magoti, akamwomba radhi mtoto yule. Loras akaangua kilio, wakawa marafiki. (Ndiye aliyekwenda baadaye Marekani, akawa Askofu wa kwanza wa Dubuque.)

Yohane alikaribia kurudi kwao. Lakini kwanza alishika njia ya La Louvesc kwa miguu, akiombaomba chakula, mpaka kaburi la Mtakatifu Francis Régis. Huko aliomba apate japo Kilatini cha kumtosha. Masomo hayakuwa mepesi aliporudi, ila wazo la kuyaacha lilikwisha.

Mwaka 1813 aliingia seminari kubwa ya Lyon. Waalimu waliuliza kwa Kilatini, naye hakuweza kujibu. Baada ya miezi michache akaondolewa. Wengi wangalisema kwamba hayo ndiyo mapenzi ya Mungu, wakarudi shambani. Na pengine ni uvivu tu ungaliwasemesha hivyo. Padri Balley na mwanafunzi wake wakaanza upya, safari hii kwa Kifaransa. Alipopimwa tena katika lugha yake mwenyewe, alijibu vema. Akapewa upadri huko Grenoble tarehe 13 Agosti 1815. Alikwenda huko peke yake, kwa miguu.

Hata hivyo wakubwa hawakumruhusu mara moja kuungamisha watu. Ruhusa ilipokuja, wa kwanza kupiga magoti mbele yake alikuwa Padri Balley mwenyewe.

Mwaka 1818 alipelekwa Ars, kijiji cha watu kama 230, ambao wengi walipenda pombe na ngoma kuliko sala. Usiku aliandika mahubiri yake sakristiani, akayakariri kwa taabu ile ile ya zamani. Mara nyingine aliyasahau katikati, ikambidi kushuka mimbarini mbele ya watu wote. Jumapili iliyofuata alipanda tena.

Alikaa Ars miaka 41. Mwishoni watu walimjia kwa maelfu toka pande zote za Ufaransa, naye wakati wa joto aliingia kitubioni saa saba usiku, akaungamisha hata saa 16 kwa siku moja. Alikufa tarehe 4 Agosti 1859. Papa Pius XI alimtangaza mtakatifu mwaka 1925, na mwaka 1929 akamfanya msimamizi wa maparoko wote, pamoja na wale waliokijua sana Kilatini.