Derrick Thomas: Yatima Aliyewasomea Watoto

Yatima hadeki, walinena wazee. Derrick Thomas alizaliwa Miami, Marekani, mwaka 1967. Babake, rubani wa kijeshi, aliuawa vitani Vietnam mnamo Desemba 1972, mwana hajatimiza miaka sita. Ujanani Derrick alipotoka hata akaingia mikononi mwa sheria, lakini alijirudi, akasoma Chuo Kikuu cha Alabama.

Mwaka 1989 alijiunga na Kansas City Chiefs, akaichezea misimu 11 bila kuhama. Katika kandanda ya Kimarekani alikuwa mlinzi wa safu ya pili, kazi yake kumwangusha mrushaji wa wapinzani kabla hajauachia mpira. Tarehe 11 Novemba, 1990, alimwangusha mrushaji wa Seattle mara saba, ikawa rekodi. Mara ya nane, dakika ya mwisho, alimponyoka, akarusha mpira wa bao, na Chiefs wakashindwa 17 kwa 16.

Mwaka huo huo alianzisha mfuko wa kuwahimiza watoto kusoma. Siku za Jumamosi alikaa nao maktabani, akiwasomea vitabu.

Tarehe 23 Januari, 2000, gari aliloliendesha liliteleza barafuni, likabingirika. Yeye na rafiki mmoja hawakuwa wamefunga mikanda: rafiki alifariki, Derrick akavunjika uti wa mgongo. Mwenzao wa tatu, aliyejifunga, alipata majeraha madogo tu. Derrick alifariki Februari 8, akiwa na miaka 33.

Mwaka 2009 aliingizwa katika Jumba la Mashujaa wa mchezo huo. Lakini, kama babake, naye aliacha mayatima.