Grace Hopper, mama aliyezoeza kompyuta maneno ya watu

Kijana wa Goma anayeanza kuandika programu anakuta Kiingereza kila mstari, na wengine wanaacha palepale. Lakini hata hicho Kiingereza kiliingia kwa kupiganiwa.

Grace Hopper alizaliwa New York mwaka 1906. Akiwa mtoto alifungua saa saba za nyumbani, moja baada ya nyingine, ili aone zinatembea namna gani. Mama yake akamwachia moja tu. Alipata udaktari wa hesabu huko Yale mwaka 1934. Wakati wa vita akaingia jeshi la majini la Marekani, likamtuma Harvard kwenye mashini kubwa, Mark I. Wakati ule programu ilikuwa namba tupu. Ukikosea moja, kazi yote imeharibika.

Hopper akataka watu waandike kwa maneno. Wakubwa wa kampuni yake wakasema kompyuta haijui Kiingereza. Yeye akawaonyesha programu ileile kwa Kiingereza, Kifaransa na Kijerumani, kwani kwa mashini neno ni alama tu. Ndiyo wakaogopa zaidi! Kazi ikabaki kwa Kiingereza, na humo ikatoka lugha ya COBOL, mwaka 1959.

Yaani IF ingeweza kuwa SI ya Kifaransa, ao KAMA yetu. Na si mengi: Python ina maneno yake 35 tu, hayapiti darasa la wiki mbili.

Hopper alistaafu mwaka 1986 akiwa admirali wa miaka 79. Alifariki Januari 1, 1992.