Kiichiro Toyoda

Wengi wetu tumepanda magari ya Toyota, lakini ni wachache wamjuao aliyeyaanzisha. Nimependa kuwaeleza habari zake kwa ufupi.

Kiichiro Toyoda alizaliwa Japani mwaka 1894. Baba yake, Sakichi, alikuwa mwana wa seremala, akabuni mitambo ya kufumia nguo. Mtambo wake uliosifika ulisimama wenyewe uzi ulipokatika, ili nguo mbovu isifumwe.

Kiichiro alisomea uhandisi Tokyo, na mwaka 1933 akaanzisha idara ya magari katika kiwanda cha mitambo hiyo. Malori yake ya kwanza, ya mwaka 1935, yaliharibika mara kwa mara. Hakukata tamaa; kila kasoro ilichunguzwa na kurekebishwa. Mwaka 1937 kampuni ya Toyota ikaundwa.

Baada ya vita fedha zilipungua mno. Mwaka 1950 wafanyakazi wengi walipunguzwa, mgomo ukatokea, naye akajiuzulu kwa kuwa dhamana ilikuwa yake. Alifariki mwaka 1952, kabla sifa ya magari yake haijaenea duniani.

Chema chajiuza, wasema wazee. Lakini mimi naona kwamba chema hicho kwanza kilikuwa kibovu, kikatengenezwa kwa subira. Basi, wanafunzi wenzangu, tusiyafiche madaftari yenye alama nyekundu; tuyasahihishe.